Usiende kwa Spés

Buffalo, 2 Septemba 2025

Mama,

Gisa anaondoka na lori lake kesho asubuhi, na amesema kama nina barua ya Columbus nimpe leo. Kwa hiyo naandika mbiombio, usicheke mwandiko. Ulisema mambo ya maana yasipite kwenye simu. Haya, nimetii.

Nina habari njema. Unakumbuka Nkusi wa Mama Mkubwa Spés alivyokuwa akinisumbua kutoka Ubelgiji na mradi wake? Wamepata! Kuna mfuko huko Ulaya unaowasaidia waandishi wa habari vijana, kwa sharti kwamba watoke nchi mbili au zaidi, wafanye kazi moja, na kazi hiyo isomwe mashuleni na vijana wenzao, wajue dunia inakwendaje badala ya kushinda na video za kuchekesha. Nkusi yuko Liège, mwenzake mmoja yuko Leipzig, na mhariri wao ni dada mmoja wa Poland anayeitwa Angelika. Ombi lao lilikuwa kufuata familia moja iliyotawanyika kupita mipaka. Familia hiyo ni sisi, Mama! Nkusi anaandika upande wa Ulaya, mimi upande wa huku. Angelika anasema upande wa huku ndio uliowafanya wakubaliwe.

Ana utaratibu wake. Kila mwandishi aanze na swali ambalo hajawahi kupata jibu lake nyumbani. Mimi sikufikiri hata dakika moja. Tulishukaje milimani mwaka ule niliozaliwa? Kila nikikuuliza unanijibu "kwa miguu", halafu unakwenda kuangalia sufuria.

Basi tarehe 12 nitapanda lori la Gisa mpaka Louisville, nimrekodi Mama Mkubwa Spés. Yeye hana sufuria ya kukimbilia, wajukuu wanampikia. Niombee.

Isaro

*

Columbus, 7 Septemba 2025

Isaro binti yangu,

Barua imefika ikinuka dizeli. Hongera sana. Kwenye basi la Morse Road nimemwambia kila aliyekaa karibu nami kwamba binti yangu ataandika Ulaya, na hakuna aliyeniuliza. Hata yule bibi ninayemwogesha kazini nimemwambia, akanipigia makofi, ingawa siku hizi anapiga makofi kwa kila kitu.

Lakini usiende kwa Spés.

Mguu wake umevimba, nyumba yake pale Iroquois imejaa watu, na ukimwekea kinasa sauti hatanyamaza mpaka betri iishe. Tena dada yangu anachanganya mambo, ya mwaka huu anayatia mwaka ule. Kama ni habari ya kushuka milimani, mwenye habari niko hapa. Andika hivi: watu walikuja wakachoma nyumba na kuchukua ng'ombe, tukashuka wakati wa mvua, siku sita mpaka Uvira, kisha tukavuka kwenda Burundi, tukakaa kambini miaka kumi na moja. Wengine walifia njiani, pamoja na mdogo wetu Vestine. Basi. Hiyo inawatosha vijana wa Ulaya.

Nakwambia wazi kwamba naogopa. Mwanamume mmoja wa kanisani kwetu, anayekaa Linden, aliitwa ofisi ya uhamiaji kujibu swali dogo juu ya karatasi zake. Mke wake alimngoja kwenye gari tangu saa mbili asubuhi. Saa nane mchana mtu akaja akagonga kioo, akamwambia aende zake nyumbani. Mpaka leo anaongea na mume wake kwa dakika kumi, Jumanne na Ijumaa. Tangu hapo mlango wangu ukigongwa, nazima jiko kwanza, ndipo nauliza ni nani.

Na tarehe 21 Oktoba nina intavyu ya uraia. Yale maswali mia moja nimeyashika yote, nikipika nayasema, nikipiga pasi nayasema. Wiki hizi sitaki jina langu litajwe mahali popote. Ninakuomba hilo tu. Nisikie mara hii moja.

Mama yako,
Mukabutera

*

Louisville, 14 Septemba 2025

Gisa alikumbuka kunipa barua yako ndani ya lori, tukiwa tumekwisha kupita Columbus usiku na Louisville iko mbele. Ungeandika "nenda", labda nisingekwenda. Umeandika "usiende", nikajua kuna kitu.

Mama Mkubwa Spés aliniketisha karibu naye. Akaniambia, "Bon, weye si mutoto tena. Vestine alikuzaa siku ya tatu ya njia, chini ya hema ya mufuko ya mbolea, na mvua inanyesha. Siku ya ine akakufa. Mukabutera alikuwa na maziwa, Bonheur alikuwa ananyonya. Akakuweka kwa ziwa, akasema huyu ni wangu, na mutu asimuite jina ingine. Donc, basi, tukanyamaza."

Nilimuuliza mara tatu, nikidhani anachanganya, kama ulivyosema. Hakuchanganya. Alinionyesha hata mahali Vestine alipokuwa na kovu, hapa kwenye kidevu, akanigusa kidevu changu.

Miaka ishirini na moja. Kila mwaka kanisani mlikuwa mnasema jina la Vestine katika maombi ya marehemu, na mimi nimesimama hapo nikifikiria chakula. Nilikuwa namwita mama mdogo! Hukuona haja ya kunipiga kiwiko?

Nimekasirika, tena nakupenda, na vyote viwili vinanichosha. Niliandika yote siku ile ile mezani kwa Mama Mkubwa, kwa Kifaransa. Nimeandika jinsi ulivyonichukua. Sijapata kuandika kitu kizuri kama hicho. Mwisho wa kupokea kazi ulikuwa jana saa sita, nikaituma kwa Angelika na majina yote. Anasema amelia. Kabla haijatoka rasmi mwezi wa kumi, wataijaribu kwa wanafunzi wa shule tatu.

Nadhani ukiisoma utafurahi. Nasema nadhani, kwa sababu sasa sijui ninakujua kiasi gani.

Isaro

*

Columbus, 20 Septemba 2025

Isaro,

Barua yako haikuanza na neno Mama. Nimeigeuza mbele na nyuma kulitafuta.

Hasira yako ni haki yako, tutazungumza, utanigombeza mpaka ushibe. Lakini kwanza iondoe hiyo kazi. Leo hii. Mpigie huyo Angelika, mlilie, mwambie lolote. Sikuandika sababu katika barua ya kwanza kwa sababu naogopa hata karatasi. Sasa naiandika, na ukimaliza kusoma uichane.

Kambini alikuja bwana mmoja na mkalimani. Akauliza, hawa watatu ni watoto wako? Nikasema ndiyo. Hapo sikudanganya. Wewe unajua kwetu, mtoto wa dada yako humtaji kuwa mtoto wa dada, tena yeye anasikia. Anayesema hivyo ni kama anamwondoa mtoto kwenye sahani. Mwaka uliofuata akaja mwanamke mwingine, akauliza vizuri zaidi: nani na nani umewazaa kwa tumbo lako? Hapo nilielewa anachotaka. Jirani yetu alikuwa amesema kweli juu ya mpwa wake. Wakaikata faili yao vipande viwili, jirani akapanda ndege, mtoto akabaki kambini akingoja zamu yake, na sijui kama zamu ilifika. Nikasema nimewazaa wote watatu. Nikatia kidole kwenye wino.

Huo ndio uongo wangu. Na tangu hapo nimeutia sahihi mara nne, kwenye fomu ya ndege, kwenye fomu za ukaaji, na sasa kwenye fomu ya uraia. Huko Ulaya itakuwa hadithi nzuri. Hapa mtu mmoja akiisoma anaweza kusema, ulidanganya, rudisha kila kitu. Atasema kwangu, halafu atasema kwako, maana wewe umekuja ndani ya faili yangu. Kaka zako nimewazaa, wao hawana neno. Ni mimi na wewe.

Na kuna woga mwingine, wa kijinga. Nilijua siku utakapoambiwa utaanza kuniita mama mdogo. Kwa miaka yote hiyo nimeogopa siku hiyo kuliko wale waliotuchomea nyumba.

Iondoe, mwanangu. Nimebakiza mwezi mmoja.

Mukabutera

*

Louisville, 27 Septemba 2025

Mukabutera mudogo wangu,

Miye nasema, mujukuu anaandika. Akiandika vibaya mugombeze yeye.

Gisa aliniambia hausemi tena jina yangu. Alisema ulipokea mufuko ya unga yenye nilikutumia, ukaweka chini bila kuuliza kama mimi ni muzima. Bon. Kasirika. Lakini sikuyua habari ya fomu mpaka Isaro aliponiambia. Mimi karatasi yangu iko safi, nilifikiri na yako ni hivyo. Mutoto alikuja, akaniuliza kwa adabu, akanisafisha mguu kwa maji ya moto. Ningemufanya nini? Vestine ni mudogo wangu pia. Kila mwaka nafungia habari yake mudomoni, nikafika kuchoka.

Sasa na mimi naogopa. Nimeambia Nkusi, kama Mukabutera anafukuzwa juu ya mudomo yangu na kalamu yako, usirudi kuniita mama. Alilia kwa simu, mwanaume muzima. Naomba usiku na mchana. Nijibu hata neno moja.

Spés

*

Buffalo, 5 Oktoba 2025

Mama,

Mama, Mama, Mama. Nimeandika mara tatu kufidia ile barua ya Louisville. Nisamehe.

Kazi imeondolewa. Nilimpigia Angelika siku ile ile niliyopata barua yako. Aliniuliza kitu kimoja tu: Mukabutera aliombwa ruhusa? Nikasema hapana. Akasema sharti la kwanza la mfuko ni kwamba mtu hatajwi kabla hajakubali, na mimi nililisoma nikaliwekea alama kwamba nimelitimiza. Ni kweli, Mama. Niliweka alama. Nilijiambia mtoto haombi ruhusa ya kumsifu mama yake. Hakunigombeza, na hilo lilinitia aibu zaidi. Upande wa huku umefutwa wote. Nkusi atabaki na upande wake, na mfuko ukikasirika atajua mwenyewe.

Lakini ilikuwa imekwisha kusomwa katika zile shule tatu. Msichana mmoja wa Leipzig, ana miaka kumi na sita, aliipenda sana. Akapiga picha ukurasa wenye jina lako, lote, pamoja na la Columbus, akauweka kwenye mtandao na moyo mwekundu. Mwalimu wake ameuondoa baada ya siku mbili. Nilihesabu walioona. Ni watu mia nne na zaidi. Sijui ni akina nani. Nimekaa na simu nikiandika jina lako kwenye kisanduku cha kutafutia, kila saa, kuona kama litatokea. Halijatokea. Kazini ghalani nimeangusha boksi la vyombo, msimamizi akanirudisha nyumbani.

Sasa nisikilize wewe. Nimesoma mpaka macho yanauma. Ukiulizwa juu ya watoto, sema kilichoandikwa. Watatu, nimewazaa. Usiongeze neno. Najua nani anakuambia hivi, mtu aliyekuwa anataka kila kitu kisemwe mbele ya shule tatu. Ninakuomba udanganye, Mama. Mara ya tano tu, halafu basi, tutazeeka.

Mjibu Mama Mkubwa. Gisa anasema amepungua.

Isaro wako

*

Columbus, 22 Oktoba 2025

Isaro mwanangu,

Jana nilikwenda. Nilivaa ile suti ya buluu ya harusi ya Gatsinzi. Barua yako nilikuwa nimeisoma mpaka nikaikariri, na ndani ya basi nilikuwa nasema, watatu, nimewazaa, watatu, nimewazaa.

Ofisa alikuwa kijana, ana mafua, ana adabu. Akaniambia nisimame, ninyanyue mkono wa kulia, niape mbele ya Mungu kwamba nitasema kweli. Kambini hawakuniapisha, walitaka kidole tu. Nikaapa. Akaniuliza ya serikali yao, nikajibu sita kwa sita, akasema nimefanya vizuri sana. Nikafikiri tumemaliza. Halafu akafungua fomu, akasoma majina yenu, Gatsinzi, Bonheur, Isaro, akasema, wote ni watoto wako wa kuzaa. Alisema tu, hata hakuuliza. Kalamu yake ilikuwa imekwisha kutia alama kabla sijafungua mdomo.

Ningenyamaza ingepita, Isaro. Najua hivyo, sina haja uniambie.

Nikasema, ngoja. Kiingereza changu kikakimbia, nikabaki na maneno machache. Nikamwambia, huyu wa mwisho amezaliwa na dada yangu. Dada yangu amekufa njiani. Mimi nimemnyonyesha. Akaacha kupangusa pua.

Utaniuliza kwa nini. Nilikuwa na woga wa kuapa, ndiyo. Lakini zaidi ni Vestine. Aliumwa siku nzima na watu wanamhimiza anyamaze tusisikike, akang'ata kitambaa, akakuzaa bila kulia. Na mimi kila nikitia sahihi ninasema hakuwahi kukuzaa. Nimefanya hivyo mara nne. Jana mkono wangu ulikataa ya tano.

Alitoka na faili. Nilikaa peke yangu dakika arobaini. Nilitazama mlango, nikawaza niondoke, lakini walikuwa wamechukua kadi yangu ya ukaaji. Akarudi na mama mmoja mwenye miwani, mkubwa wake. Wakaniuliza mwaka gani, kambi gani, kwa nini niliandika vile. Nikawaeleza habari ya jirani yetu na mpwa wake. Yule mama aliandika kurasa tatu bila kuninyanyulia macho. Mwisho akauliza binti huyo yuko wapi sasa. Nikasema Buffalo. Akataka anwani.

Nikawapa.

Kadi wamenirudishia. Uraia hawakunipa, hawakuninyima. Wamesema watatuma barua. Wakili anayesaidia kanisa letu alishika kichwa, akasema ningemwita kabla, akasema inaweza kwisha vizuri na inaweza kwisha vibaya, yeye haoni mbele.

Nilifika nyumbani nikakaa sakafuni na suti yangu. Hapo ndipo nilipoona nilichofanya. Nimesema kweli, nikatua mzigo wangu, nimeutua juu yako, na sikukuuliza. Nilidhani nikisema woga utaisha. Haukuisha, umeongezeka. Naogopa simu, naogopa sanduku la barua. Nasikia gari nje, nadhani ndio wao.

Spés nimemjibu. Nimemwandikia ale.

Mama yako, kama utaniita hivyo bado,
Mukabutera

*

Buffalo, 26 Oktoba 2025

Mama,

Gisa alinipa barua yako pale anapojaza mafuta, nikaisoma nimesimama. Nilipofika kwenye anwani nilitamka neno ambalo hukunifundisha. Nikarudi nyumbani kwa kuzunguka mitaa mingine, kofia usoni, mimi ambaye sijaiba kitu. Jana mchana mtu aligonga mlango kwa nguvu. Nikajifungia bafuni, nikakaa ndani ya beseni la kuogea na viatu vyangu, nikazima simu. Alikuwa mleta vifurushi, anamtafuta jirani.

Nilikukasirikia siku nzima. Nikaanza kukuandikia barua nyingine, kali, na katikati nikaona naandika maneno yale yale ungeweza kuniandikia mimi mwezi uliopita. Ulisema habari yangu bila kuniuliza, na mimi nilisema yako bila kukuuliza. Wewe angalau uliisema mbele ya mtu anayeweza kukudhuru. Mimi niliisema mahali wanaponipigia makofi. Kwa hiyo barua kali nimeichana.

Angelika amenitumia maswali ya wanafunzi, maana waliyaandika kabla kazi haijafutwa. Yule msichana wa Leipzig ameuliza kama sasa nina mama wawili. Kazi imefutwa, sikulazimika kumjibu, lakini nilimjibu. Nilimwambia ndiyo, mmoja alinizaa akakaa nami siku moja, na mwingine anangoja barua Columbus. Majina sikutaja. Nimeomba niandike tena siku moja, kama wewe utataka. Usipotaka, sitaandika.

Naogopa, Mama. Sitajifanya shujaa. Kambini nilikuwa mtoto, wewe ndiye uliyeogopa kwa ajili yetu wote, mimi nilikuwa nacheza. Sasa najua ulikuwa unafanya nini ulipokuwa unazima jiko.

Ghalani nimeaga. Masomo yangu ya chuo nitayafuata kwa kompyuta. Nimewaandikia ile ofisi kwamba nahamia kwako, nikawapa anwani yako, wakili ndiye aliyenionyesha namna. Alisema nifikirie vizuri kwanza. Nikamwambia sitaki watutafute mahali pawili.

Nafika Jumatano kwa basi la saa tisa. Barua yao ikinitangulia, iweke mezani na usiifungue peke yako. Kama inasema tubaki, nataka kuona uso wako ukiisoma. Kama inasema tuondoke, basi watukute wawili.

Mwanao,
Isaro